Mama anazima friza usiku ili kuokoa token za stima, kumbe zinaliwa na mashine zangu za kuchimba sarafu

Shangazi, assalam aleikum. Naomba usitaje jina langu wala mtaa, Lamu hii ni ndogo na watu wanajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni kijana wa miaka 26, nakaa na mamangu na dadangu mdogo kwenye nyumba ya marehemu babu, zile nyumba za mawe za zamani, juu kuna chumba kimoja cha paa la makuti na hicho ndio changu. Nilisoma kompyuta Mombasa nikarudi, sa hii nafunga kamera za CCTV kwenye nyumba za wageni, kazi ikiwepo ipo, ikikosekana naweza kukaa mwezi mzima naangalia bahari.

Miezi 9 iliyopita nilinunua rigi, yaani kompyuta ya kuchimba sarafu za mtandaoni, inapiga hesabu na kulipwa sarafu, kwa jamaa wa Mombasa alietaka kuacha. Fremu ya chuma, pawa saplai 2, kadi 6 za picha aina ya RX 580, hizo ndizo zinazopiga hesabu, zote 95,000, na hizo pesa, nisikufiche, nilikua nimeziweka za kuoa. Nikaipandisha juu usiku mimi na rafiki yangu, mama akauliza nini hii nikamwambia ni kompyuta za kazi. Nachimba sarafu inayoitwa Ethereum Classic. Naiwasha saa 3 usiku mama akishalala, naizima nikiamka kuswali alfajiri. Inakula kama wati 800. Shangazi, ile siku ya kwanza nilipoona kitu kimeingia kwenye waleti, ule mfuko wa sarafu mtandaoni, hata kama ilikua ni pointi sifuri sifuri ngapi huko, nililia. Nilijiona na mimi niko ndani ya dunia, si mtu wa kusimama gati kungoja mgeni ateremke.

Sasa tatizo. Mama ana friza. Anauza barafu za ukwaju na za ubuyu hapo barazani kwa watoto wa chuoni, na anagandisha mabonge makubwa kwenye ndoo, wavuvi wanapitia alfajiri. Ndio kazi iliyotulea tangu baba afariki. Zamani token ya 1,000 ilikua inampeleka siku 10 au 11, sasa siku 4 haimalizi. Kila asubuhi anasimama mbele ya ile mita anabonyeza, anatazama namba, anahesabu kwa vidole midomo ikicheza. Akaamini ni friza imezeeka inakula stima. Kwa hivo mwezi wa pili huu anaichomoa usiku kuokoa token. Asubuhi barafu zimekua uji, wavuvi wameanza kwenda kwa mtu mwengine, na juzi nimesikia kuna mtu wa Mokowe amekuja mara 2 kuiangalia hiyo friza anataka kuinunua. Mimi nachangia token ninapopata, lakini sijasema neno.

La pili, mjomba wangu ameniona niko na hii kitu akaipenda sana. Anataka kuuza mashine ya boti yake anipe 150,000 tununue sola, ili tuchimbe mchana na usiku bila kulipa stima, faida tugawane. Anataka jibu kabla ya Maulidi. Kwenye waleti nina kama 5,000 na kidogo mpaka sasa, najua si nyingi, lakini sarafu ikipanda inaweza kua kitu kikubwa, na kusema kweli sijawahi kukaa chini nikapiga hesabu sawasawa, naogopa.

Halafu kuna fundi ameniambia anaweza kuniunganishia stima isipitie mita. Sikumjibu. Yeye huyo huyo ndie alienitengenezea juu, manake nilivuta laini kutoka kwenye waya wa taa na fyuzi ikawa inaruka kila usiku, akaja akaweka breka kubwa ya ampia 20 na tangu hapo hairuki. Ila soketi ya ekstenshen imekua na rangi ya kahawia pembeni kama mkate ulioungua na plagi ukiishika asubuhi inachoma. Sijui kama hilo lina shida.

Nimwambie mama? Hataelewa haya mambo, atajua tu nilimdanganya. Nichukue pesa ya mjomba nitoke kwenye stima ya nyumba kabisa? Au niuze nikubali nimeshindwa? Nifanyeje Shangazi.

Kijana wa makuti

JIBU

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimeisoma barua yako mara 3, na mara ya 3 nilisimama pale pale uliponiandikia sijui kama hilo lina shida, kwa hivo naanzia hapo, mengine yatangoja.

Hiyo plagi usiiwashe tena leo usiku. Nilimpigia fundi mmoja wa stima naemwamini nikamsomea maneno yako kama yalivo, akanyamaza, kisha akaniuliza paa ni la nini. Nikamwambia makuti. Alivonieleza ni hivi, waya wa taa ni mwembamba, haukuwekwa kubeba mzigo usiku kucha, na breka haipo kulinda mashine yako, ipo kulinda waya. Ilipokua inaruka ilikua inakwambia mzigo umezidi au kuna hitilafu mahali. Yule fundi wako hakutengeneza kitu, alimziba mdomo alieonya. Sasa waya ukipata moto ndani ya ukuta breka ya 20 itakaa kimya. Na hiyo rangi ya kahawia ni soketi imelegea au imeingia kutu, huko kwetu hewa ya chumvi inakula shaba upesi, na palipolegea ndipo pana moto. Wati 800 zote zinazoingia kwenye hiyo rigi zinatoka zikiwa joto, yaani ni kama umewasha pasi ukaiacha mpaka alfajiri chini ya majani makavu, na mamako na dadako wamelala chini yako. Waulize wazee wa Faza, kule kisiwa cha Pate, moto wa 2009 ulivokwenda kutoka paa moja hadi jengine. Na kwenye mitaa yetu anapita punda, gari la zimamoto halipiti. Vyovyote utakavyoamua kuhusu sarafu, irudishwe breka ya kiasi cha ule waya, na ukitaka mashine yoyote kubwa iwake kule juu basi ivutwe laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi, na fundi mwengine.

Na lile la kuruka mita, naona mwenyewe hukumjibu, moyo wako ulishajua. Ni wizi na ni kesi, na mita iko kwa jina la nani? Atakaeitwa kituoni ni mama.

Sasa tukae tuzungumze.

Wewe umeniandikia kama mtu mwenye tatizo la stima. Mimi naona una siri, na hiyo siri inakula token. Friza ya mamako haijazeeka. Mama anapunguza kazi yake ili kuokoa kitu ambacho hakipotezi yeye, na kila usiku anapochomoa ile plagi chini wewe unachomeka yako juu. Sisemi hivi kukuumiza, nadhani wewe ndie unaeumia zaidi manake unajua pande zote 2 na yeye anajua moja tu. Lakini jiulize, hili la kusema mama hataelewa umelitoa wapi? Mwanamke anaesimama mbele ya mita kila asubuhi akihesabu kwa vidole anajua uniti kuliko mimi na wewe. Labda hatajua Ethereum ni nini. Ukimwambia mashine hii inakula uniti 6 kila usiku, atakumalizia hesabu kabla hujafunga mdomo.

Na hiyo hesabu uliyoiogopa hebu tuipige pamoja, mimi niko hapa. Wati 800 kwa saa 8 ni uniti 6 na kidogo. Ukiweka kodi na makato yote, uniti moja mnainunua karibu 30. Basi ni kama 190 kila usiku, na miezi 9 ni siku kama 270, inapita 50,000. Waletini ziko 5,000. Kila shilingi 10 ya token imerudisha 1. Kuna na jambo jengine ambalo naona hukulijua, bei ya uniti kwa nyumba inakwenda kwa ngazi, wa chini ya uniti 30 kwa mwezi ana bei yake, mpaka uniti 100 bei nyengine, ukipita 100 ndio ghali zaidi, na inaangaliwa wastani wa miezi 3. Mama na friza yake walikua karibu uniti 90 kwa mwezi. Rigi imewavusha. Kwa hivo hata uniti za friza mwenyewe sasa anazinunua kwa bei ya ngazi ya juu, na ukizima leo itachukua miezi kabla bei haijashuka.

Usinielewe vibaya, sisemi kua haya mambo ni uongo. Nilimuuliza mtoto wa dadangu anaeyajua, akanieleza mpaka nikapata picha. Mashine zote duniani zinashindana kubahatisha namba, anaepata ndie anaelipwa, na wewe fungu lako ni kiasi cha nguvu uliyonayo ukilinganisha na wote. Zile kadi zilikua na soko kubwa wakati wa Ethereum yenyewe, ile sarafu kubwa na si Classic yako, lakini tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa kuchimbwa, ikahamia mfumo mwengine usiotaka kadi. Kadi zote zile zikakimbilia sarafu ndogo zilizobaki, ikiwemo hiyo yako, fungu la kila mtu likawa dogo. Nadhani ndio sababu yule jamaa alitaka kuacha. Mwanangu, uliuziwa nyavu samaki washahama. Na ukisema basi nihamie Bitcoin, huko ni mashine zao maalum, na malipo yanakatwa nusu kila baada ya miaka 4 hivi, Aprili 2024 yalishuka kutoka Bitcoin 6.25 kwa kila bloku, yaani kila fungu la hesabu linalokamilika, hadi 3.125. Wako wanaochimba hapa hapa Kenya, kule Murang'a, lakini wanatumia umeme wa maji ya mto uliozidi matumizi ya kijiji, umeme ambao ungepotea bure. Wewe huna uniti inayopotea bure, kila uniti ndani ya nyumba yenu ina mtu anaeisubiri.

Unasema sarafu inaweza kupanda. Inaweza, na inaweza kushuka, mimi si mtabiri. Ila fikiria hivi, kama unaiamini hiyo sarafu, ungechukua ile 190 ya kila usiku ukainunua moja kwa moja kwenye simu, sa hii ungekua na sarafu ulizonunua kwa 50,000 na chumba hakina joto. Sikwambii ukanunue, hiyo nayo ni hatari yake. Nataka tu utenganishe vitu 2 ambavyo naona vimeshikana kwako, kuipenda sarafu na kuipenda mashine.

Manake mashine unaipenda, nimeona. Yale machozi ya siku ya kwanza nimeyaelewa sana. Kijana aliesoma kisha akarudi nyumbani, akakuta kazi ni za kuokoteza, anataka kitu kimoja kinachomwambia elimu yake haikupotea. Hilo si jambo dogo na usiliite ujinga. Lakini mbona unaandika niuze nikubali nimeshindwa? Ni nani aliekua anashindana na wewe?

Haya, mjomba. 150,000 naona imekupa matumaini ya kutoka kwenye mita bila kumwambia mama, nisamehe nikiwa nimekosea. Ila hebu itazame. Kuwasha rigi mchana na usiku ni uniti 19 kwa siku. Jua letu la kutegemea ni kama saa 5, ukihesabu na kinachopotea njiani unataka paneli za kilowati 5 hivi, zaidi inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe kama wa nyumba, na betri za kubeba usiku mzima, na betri peke yake zitaimeza hiyo pesa yote na kuomba nyengine. Ukisema basi mchana tu bila betri, paneli 3 au 4 zitaweza, lakini utachimba saa 5 kwa siku, utapata chini ya unachopata sasa, na unachopata sasa ni shilingi 20 kwa usiku. Gawanya na mjomba. Na yeye atakua hana mashine ya boti. Benki Kuu ilishaonya tangu 2015 kua sarafu hizi si pesa halali hapa na ukipoteza hakuna wa kukufidia, na hata sheria iliyokuja 2025 ni ya kusimamia makampuni yanayofanya biashara hizo, haimrudishii mvuvi injini yake. Hasara yako mwenyewe unaweza kuivumilia ukiwa na miaka 26. Ya mjomba itakaa nanyi kwenye kila sinia la pilau la kila harusi ya ukoo.

Lakini hilo wazo la sola lisikupite hivi hivi, manake kuna kitu ndani yake. Friza ya mama inataka uniti 2 hivi kwa siku. Hizo paneli chache unazoweza kuzifunga wewe mwenyewe kwa ujuzi ulionao, zinaweza kugandisha barafu mchana jua likiwa kali, na barafu ikishaganda na kifuniko kikafungwa inajiweka baridi yenyewe mpaka wavuvi wapite alfajiri. Huhitaji betri kubwa, barafu ndio betri. Sijui kama mtaipata pesa yake, na friza ikianza kuwaka inavuta nguvu nyingi kwa mpigo kwa hivo inverta isiwe ya kubahatisha. Ni wazo tu, liweke pembeni ulitazame.

Kuhusu rigi, uko na njia zaidi ya zile 2 ulizoziandika. Unaweza kuuza kadi moja moja kwa watu wa gemu na wa kuediti video, ujue tu wataomba bei ya chini wakisikia zilichimbia sarafu, na 95,000 hutaiona tena. Unaweza kubakisha moja ukajenga kompyuta nzuri, harusi za Lamu hazina mwisho na kila bibi harusi anataka video. Unaweza kuizima miezi 3 bila kuuza kitu, uone mita ya mama inasema nini na moyo wako unasema nini. Au unaweza kuendelea, lakini mchana kweupe, kwa laini salama, kwa token zako mwenyewe na mama akijua. Ikiwa baada ya hayo yote bado unaitaka, basi unaitaka kweli, na hiyo nayo ni haki yako.

Kumwambia mama kuna hatari yake, sitakudanganya. Anaweza kukasirika, anaweza kunyamaza siku kadhaa na kunyamaza kwa mama unakujua kunavyouma. Anaweza kukumbuka zile pesa za kuoa. Kutomwambia nako, siku yule mtu wa Mokowe akija na mkokoteni na pesa mkononi, friza itatoka, na mwezi ujao token bado itaisha siku ya 4. Hapo atajua, na atajua akiwa hana friza. Ukiamua kusema, mimi ningeanza na mita si sarafu. Mngoje asubuhi akiwa amesimama pale anahesabu, umwambie mama, si friza, ni mimi. Yatakayofuata yatakuja yenyewe, na usiwe na haraka ya kujitetea.

Uniandikie ukipenda, hata kama hukufanya lolote kati ya haya. Na kwa sababu Maulidi iko karibu, kabla hujampa mjomba jibu la ndio au la, muulize kwanza kama ile mashine imeshauzwa au bado iko kwenye boti. Kama bado iko, mwambie asiiteremshe kwanza.

Shangazi